Pensheni Isipotee Njiani: Wastaafu wa Ukraine Wakati wa Vita

Pesa ya mstaafu inaweza kuwepo hazinani, ikatengwa kwa jina lake kila mwezi, na bado mzee akalala bila mkate. Ukraine imelionyesha hili waziwazi. Tangu hali ya vita itangazwe tarehe 24 Februari 2022, Mfuko wa Pensheni wa nchi hiyo umeendelea kulipa wastaafu zaidi ya milioni 10, na kila mwezi Machi kiwango kimepandishwa: 14% mwaka 2022, 19.7% mwaka 2023, 7.96% mwaka 2024, 11.5% mwaka 2025. Hazina haikufunga mlango. Kinachokatika ni kile kipande cha mwisho kati ya Mfuko na mkono wa mzee: kitambulisho kilichoungua, posta iliyofungwa, laini ya simu iliyopotea, uhakiki uliopangwa mahali ambapo miguu haifiki. Ninaandika kuhusu kipande hicho, kwa sababu ndiko wazee wanakoumia, na ndiko mtoto, mjukuu au jirani anakoweza kusaidia.

Kwanza tuone pesa inatoka wapi, maana ukishajua hilo utaelewa kwa nini ni ndogo. Mwajiri hulipa mchango wa 22% juu ya mshahara wa mfanyakazi, na michango hiyo huenda moja kwa moja kwa wazee wa leo. Hakuna mfuko wa akiba uliolala mahali ukisubiri. Kiwanda kikibomolewa na wafanyakazi wakivuka mpaka kwenda Poland au Ujerumani, mchango unakatika siku hiyohiyo, na pengo linajazwa na bajeti ya serikali. Bajeti nayo inaelekeza kodi za ndani kwenye jeshi. Ndiyo maana pensheni, mishahara ya walimu na malipo mengine ya kiraia yamebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili, zikiwemo za Umoja wa Ulaya na za mradi wa Benki ya Dunia uitwao PEACE, ulioanzishwa Juni 2022.

Kikokotoo chenyewe ni rahisi. Unachukua wastani wa mshahara wa nchi kwa miaka 3 kabla ya mtu kustaafu, unazidisha kwa uwiano wa mshahara wake na wastani huo, kisha unazidisha kwa 1% ya kila mwaka aliochangia. Aliyefanya kazi miaka 35 kwa mshahara wa kawaida anapata 35% ya wastani huo, hata kama alikuwa hodari kiasi gani. Kima cha chini kilikuwa hryvnia (sarafu ya Ukraine) 2,361 kwa mwezi mwaka 2024, na kikabaki hapohapo mwaka 2025. Wenye miaka 70 hadi 74 huongezewa 300, wa 75 hadi 79 huongezewa 456, na wa 80 na zaidi 570, mradi pensheni yao haizidi kikomo kilichowekwa.

Umri wa kustaafu ni 60 kwa wanaume na wanawake, lakini umri peke yake hautoshi. Sheria ya mwaka 2017 iliweka ngazi: mwaka 2018 ilitakiwa miaka 25 ya uchangiaji, kisha ngazi inapanda mwaka mmoja kila mwaka hadi 35 ifikapo 2028. Aliyetimiza miaka 60 mwaka 2025 alitakiwa awe na 32. Akipungukiwa, anasubiri hadi 63, na akipungukiwa zaidi, hadi 65. Ona vita inavyombana mtu hapa. Fundi aliyepoteza kazi akiwa na miaka 57 kwa sababu mji wake umekuwa uwanja wa mapigano hachangii tena, huku ngazi ikiendelea kupanda mbele yake. Miaka mitatu hiyo inamfanya akose mara mbili. Kwa maoni yangu ngazi hiyo ilipaswa kusimamishwa siku ya kwanza ya vita.

Sasa nyaraka, na hapa nitakaa kidogo. Mzee anayehama haraka hufikiria dawa, paka na picha za watoto. Karatasi hubaki kwenye droo. Zinazohitajika ni pasipoti ya ndani, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 10, kitambulisho cha mstaafu, na kwa ambaye hajastaafu bado, kitabu cha kazi. Tatu za kwanza hurudishwa bila shida kubwa, kwa kuwa zimo kwenye daftari za serikali. Kitabu cha kazi ni hadithi tofauti kabisa.

Ukraine ilianza kuhifadhi taarifa za mishahara ya wachangiaji kwenye daftari la kielektroniki tarehe 1 Julai 2000, na miaka ya kazi inasomwa kutoka humo kuanzia 1 Januari 2004. Yote ya kabla ya hapo, yaani ujana wote wa mtu aliyezaliwa miaka ya 1960, yanathibitishwa na kijitabu cha karatasi chenye mihuri ya waajiri. Kikiungua, Mfuko unaona mtu aliyeanza kufanya kazi akiwa na miaka 40. Huwezi kumwendea mwajiri wa zamani ikiwa kiwanda kilikuwa Mariupol na kumbukumbu zake ziko upande unaokaliwa na Urusi. Wachimba makaa ya mawe wa Donetsk, mkoa wa mashariki, wanateseka zaidi. Kazi yao iko kwenye Orodha namba 1 ya kazi za hatari, inayomruhusu mwanaume kustaafu akiwa na miaka 50, lakini haki hiyo hudai cheti cha ziada cha mgodi kinachoonyesha alishuka chini miaka mingapi. Mgodi wenyewe uko ng'ambo ya mstari wa mapigano.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kufungasha nguo, ni kupiga nakala kitabu hicho na kukipeleka kwenye tovuti ya Mfuko wa Pensheni. Sheria iliyoanza kutumika 10 Juni 2021 ilitoa miaka 5 ya kuvihamishia vitabu vya kazi kwenye mfumo, na anayetuma anaweza kuwa mwajiri au mwenye kitabu. Nakala iwe ya rangi, yenye ukali wa picha wa dpi 300, kwa muundo wa jpg au pdf, na faili moja lisizidi megabaiti 1. Kila ukurasa ulioandikwa unahitajika, kuanzia ule wa jina. Ili kuingia kwenye tovuti unahitaji saini ya kielektroniki, ambayo benki kubwa hutoa bure kwa wateja wao.

Nakala hukataliwa kwa sababu zilezile kila mara. Muhuri umefifia hausomeki. Jina limeandikwa kwa Kirusi kwenye kitabu na kwa Kiukraine kwenye pasipoti, na herufi moja imetofautiana. Mwanamke aliolewa akabadili jina la ukoo, na cheti cha ndoa hakikuambatanishwa. Tarehe ya kuacha kazi haina namba ya amri ya mwajiri. Mengi ya haya hurekebishwa kwa cheti cha ziada kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka, na ndiyo maana inafaa kugundua kasoro wakati hifadhi bado imesimama. Pale ambapo nyaraka zimeteketea kabisa kwa vita, kanuni inaruhusu ushahidi wa watu wasiopungua wawili waliofanya kazi na mwombaji mahali palepale kwa kipindi hichohicho. Wenye miaka 58 au 59 waanze sasa kuwatafuta wenzao wa zamani, maana nao wametawanyika.

Malipo yana njia mbili. Benki hupokea kutoka Mfuko kati ya tarehe 4 na 25 ya mwezi na kuweka kwenye akaunti. Posta ya taifa, Ukrposhta, huleta fedha taslimu tawini au mlangoni. Wazee wengi wa vijijini wameishikilia posta, na siwalaumu: tarishi huleta pesa, akauza mafuta ya kula na sabuni, akaangalia kama mzee yuko hai. Kwenye vijiji ambavyo tawi limefungwa, gari la posta huja kwa siku maalumu. Lakini pensheni ya posta imefungwa kwenye mahali, wakati ya benki humfuata mtu. Mzee wa benki akihamia Lviv, pesa inaingia bila yeye kuomba chochote. Mzee wa posta lazima aandike ombi jipya la kubadilisha mahali pa kulipwa. Habari njema ni kwamba majalada ya wastaafu yako kwenye mfumo, hivyo ofisi yoyote ya Mfuko nchini inaweza kupokea ombi hilo. Hakuna haja ya kurudi wilaya aliyotoka, na anayeambiwa arudi ana haki ya kukataa.

Njia ya fedha taslimu ina hatari ambayo lazima isemwe bila kuzunguka. Tarehe 9 Septemba 2025, katika kijiji cha Yarova, mkoa wa Donetsk, bomu la ndege liliangukia watu waliokusanyika kupokea pensheni kwenye gari la posta. Zaidi ya 20 waliuawa, wengi wao wazee. Siku ya malipo inajulikana, mahali panajulikana, na foleni huonekana kutoka angani. Anayeishi ndani ya umbali wa droni au mabomu ya kurushwa na ndege, kama ana namna yoyote ya kupata kadi ya benki, aipate. Kama hana, wachache waende kwa zamu badala ya kijiji kizima kusimama pamoja, na wasubiri chini ya paa imara mbali na gari lenyewe.

Je, mzee asipochukua pesa kwa sababu ya mapigano? Haipotei mara moja. Kanuni ya kawaida husema asiyechukua kwa miezi 6 mfululizo husimamishiwa malipo, lakini kilichokwisha kukokotolewa kinabaki chake. Akijitokeza, hulipwa malimbikizo ya hadi miaka 3 nyuma, na kama kosa lilikuwa la ofisi yenyewe, hulipwa bila kikomo cha muda. Wengi hawajui hili, na huandika ombi la malipo mapya pekee bila kudai ya nyuma. Ombi liseme wazi: kurejeshwa kwa malipo na kulipwa kiasi ambacho hakikupokelewa, likitaja mwezi wa kwanza na wa mwisho.

Uhakiki ni suala zito zaidi, na historia yake ni ndefu kuliko mwaka 2022. Novemba 2014 serikali ya Ukraine ilisitisha malipo kwenye sehemu za Donetsk na Luhansk zilizokuwa nje ya udhibiti wake. Mstaafu wa huko aliweza kulipwa kwa sharti moja tu: ajiandikishe kama mkimbizi wa ndani upande wa serikali, hata kama hakuwa amehama. Akikaa ng'ambo zaidi ya siku 60, malipo yalisimamishwa. Akahakikiwe pia katika benki ya serikali ya Oschadbank. Matokeo yake ni kwamba wazee waligeuka wasafiri wa kudumu. Mwaka 2018 na 2019 vituo vitano vya kuvukia vilihesabu wastani wa zaidi ya vivuko milioni moja kwa mwezi, na wengi waliovuka walikuwa wastaafu. Katika mkoa mzima wa Luhansk kulikuwa na kivuko kimoja tu, Stanytsia Luhanska, cha watembea kwa miguu, na daraja lililovunjwa mwaka 2015 lilirekebishwa Novemba 2019. Kwa miaka hiyo watu wa miaka 80 walipanda na kushuka ngazi za mbao, na baadhi walifia kwenye foleni kwa moyo. Mahakama Kuu ya Ukraine iliamua mwaka 2018 kwamba kumsimamishia mkimbizi wa ndani pensheni kwa sababu hizo ni kinyume cha sheria. Machi 2020 vivuko vikafungwa kwa sababu ya korona, na uamuzi ule haukuwasaidia waliobaki ng'ambo.

Ninasisitiza historia hii kwa sababu kila uhakiki hutungwa kwa nia ya kumnasa mdanganyifu, na kila mara mzigo humwangukia asiyeweza kutembea. Mdanganyifu ana gari na wakala. Bibi wa miaka 83 ana fimbo.

Sheria ya sasa ni nyepesi zaidi lakini bado ina miiba. Mwaka 2025 wastaafu walioko nje ya nchi, au waliotoka maeneo yanayokaliwa, walitakiwa kuthibitisha kwamba hawapokei pensheni ya Urusi, na pia kujihakiki kabla ya 31 Desemba 2025. Inaweza kufanyika kwa njia nne: kufika ofisini, kuingia kwenye tovuti kwa saini ya kielektroniki, kutuma cheti cha ubalozi kwamba mtu yu hai, au kuongea na afisa wa Mfuko kwa simu ya video. Simu ya video ndiyo inayowafaa wengi. Mzee awe peke yake mbele ya kamera, mwanga umpige usoni, pasipoti iwe wazi mkononi. Mjukuu anayemjibia maswali kutoka pembeni anaweza kusababisha afisa akatae, kwa hiyo amsaidie kuunganisha simu, kisha anyamaze.

Anayetoka eneo linalokaliwa ana safari ngumu zaidi. Hadi Agosti 2024 kulikuwa na njia ya moja kwa moja kutoka Kolotilovka, upande wa Urusi, kwenda mkoa wa Sumy wa Ukraine, mwendo wa kama kilomita 2 kwa miguu, mizigo mkononi. Ilipofungwa, watu walizunguka kupitia Belarus na kuingia kwa Domanove, mkoa wa Volyn. Akishafika, mpangilio unaofaa ni huu: kwanza kitambulisho, kisha namba ya mlipakodi, kisha laini ya simu na akaunti ya benki, kisha usajili wa mkimbizi wa ndani, na ndipo Mfuko wa Pensheni. Anayekimbilia Mfuko kwanza hurudishwa, kwa kuwa hana akaunti ya kulipiwa. Usajili wa mkimbizi wa ndani unaweza kuleta posho ya hryvnia 2,000 kwa mwezi, au 3,000 kwa mwenye ulemavu. Kuanzia Machi 2024 posho hiyo iliendelea kwa wastaafu ambao pensheni yao haizidi hryvnia 9,444.

Nyumbani hesabu hubana. Umeme tangu 1 Juni 2024 ni hryvnia 4.32 kwa kila uniti. Mzee anayetumia uniti 150 kwa mwezi analipa 648, zaidi ya robo ya pensheni ya kima cha chini ya mwaka 2025, kabla ya maji, gesi na dawa. Nyumba inayopashwa joto kwa umeme ina bei nafuu ya 2.64 msimu wa baridi, hadi uniti 2,000 kwa mwezi, lakini ni lazima iwe imesajiliwa hivyo. Aliyenunua hita baada ya bomba la gesi kupigwa, bila kusajili, analipa bei kamili. Ruzuku ya huduma za nyumba inasimamiwa na Mfuko wa Pensheni wenyewe tangu Desemba 2022. Kwa wengi huhuishwa bila ombi, isipokuwa kwa aliyehama au anayeishi nyumba ya kupanga: huyo anatakiwa kuomba upya, na wengi hugundua hilo bili ikishafika.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, mashine za kutolea pesa nazo huzima. Benki Kuu iliunda mtandao wa matawi ya zamu uitwao POWER BANKING, yenye jenereta na mawasiliano ya akiba, na ramani yake hutolewa hadharani. Ichapishwe kwenye karatasi, maana siku ya kuihitaji simu itakuwa imezima. Fedha taslimu za wiki mbili nyumbani zinatosha. Zaidi ya hapo ni kumwalika mwizi. Vile Vituo vya Uimara vilivyofunguliwa tangu Novemba 2022 hutoa joto, maji na chaji, na ni mahali pazuri pa kupiga simu ya Mfuko bila kubanwa na betri.

Dawa za moyo, shinikizo la damu, kisukari na pumu ziko kwenye mpango wa serikali wa dawa za bure au za nafuu. Daktari anaandika kwenye mfumo, mgonjwa anapata ujumbe wa simu wenye namba ya dawa na msimbo wa tarakimu 4, na duka lolote la dawa lenye mkataba na huduma ya afya ya taifa linaweza kumpa. Simu ya vitufe inatosha. Ila laini ikipotea, mzee amepoteza dawa, benki na saini kwa pigo moja. Laini isiyosajiliwa kwa jina la mtu ni vigumu kurudishwa, kwa hiyo isajiliwe kwa pasipoti kwenye kampuni ya simu mapema. Na anayepiga akisema ni wa Mfuko wa Pensheni, akaomba namba za nyuma ya kadi au msimbo wa ujumbe, ni tapeli bila shaka yoyote. Mfuko hauhitaji namba hizo kwa malipo yoyote.

Asiyeweza kutoka kitandani anaweza kumpa mtu hati ya uwakilishi ya kupokea pensheni. Huthibitishwa na mthibitishaji wa serikali au binafsi, na kwa aliyelazwa, na mganga mkuu wa hospitali. Hati iliyoandikwa kwa zaidi ya mwaka mmoja ni halali, lakini kila mwaka mstaafu lazima athibitishe kwa saini yake kwamba bado anakubali. Mwakilishi aiandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, na wiki tatu kabla aombe afisa aje nyumbani.